Petroli ya Nani? Historia Fupi ya Kusafisha Injini ya Gari Nyumbani, Ikitazamwa kutoka Mibirizi

Utangulizi

Insha hii inahusu kazi ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa na historia: kuinua boneti ya gari uani na kusafisha injini kwa mikono yetu wenyewe. Vitabu tunavyosoma darasani huzungumzia barabara, reli na bandari, na mara chache humtaja mtu aliyeinama juu ya injini akiwa na brashi na kitambaa. Hata hivyo, kazi hii ina umri wa takribani miaka mia moja katika ukanda wetu. Imebadilika mara kadhaa, na mabadiliko yake yameacha alama katika lugha tunayoisoma.

Hoja yangu ni kwamba kila njia ya kusafisha injini ilizaliwa kama jibu kwa injini ya wakati wake, na kila jina la mafuta tunayotumia limetufikia kwa njia yake. Anayechanganya nyakati huharibu gari. Anayechanganya majina anaweza kuchoma nyumba.

Ninaandika nikiwa mzaliwa wa Mibirizi, wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda. Misheni ya Mibirizi ilianzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1903, na hapa ndipo inaposimuliwa kuwa kahawa ya kwanza nchini ilipandwa mwaka 1904. Hata sasa kuna aina ya kahawa inayoitwa Mibirizi. Kilima chetu, basi, kimezoea kupokea vitu vya wageni. Mji wa Kamembe na daraja la kuvukia kwenda Bukavu haviko mbali, na kusini yetu kuna bonde la Bugarama ambako Kiswahili husikika sokoni kila siku. Magari hupita, na maneno hupita nayo.

Nimetumia vyanzo vya aina tatu: magari yenyewe, maneno ya mafundi, na mazungumzo na mzee mmoja jirani yetu aliyefanya kazi kwenye malori ujanani. Nimetiwa moyo pia na mwanahistoria Joshua Grace. Kitabu chake African Motors, kilichotoka mwaka 2021, kinaonyesha jinsi mafundi wa Tanzania, wakiwamo wale wa gereji bubu za Dar es Salaam, walivyojenga maarifa yao wenyewe kuhusu magari yaliyotengenezwa kwingine. Ikiwa gereji bubu inaweza kuwa mada ya historia, naona na ua wa nyumba unaweza.

Njia mbili za magari, njia mbili za maneno

Mwaka 1907 Paul Graetz, ofisa wa jeshi la Kijerumani, aliondoka Dar es Salaam kwa gari akielekea pwani ya magharibi ya Afrika. Alifika Swakopmund, katika Namibia ya leo, mwaka 1909. Njiani hapakuwa na mtandao wa gereji wala vituo vya mafuta. Gari lilihudumiwa pale liliposimama. Naanza naye kwa sababu safari yake inatukumbusha kwamba kuhudumia gari mbali na gereji ndiyo hali ya kwanza ya gari katika bara letu. Gereji ilikuja baadaye.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, magari yaligawanyika kwa mipaka ya wakoloni. Tanganyika iliingia chini ya Waingereza, waliokuwa tayari Kenya na Uganda. Rwanda na Burundi zilitekwa na Wabelgiji mwaka 1916, kisha zikaunganishwa kiutawala na Kongo ya Wabelgiji mwaka 1925. Gari la Dar es Salaam likapita kushoto. La Cyangugu likapita kulia, kama la Bukavu. Barabara zenyewe hapa kwetu zililimwa kwa kazi ya shuruti iliyoitwa akazi, jina lililotokana na neno la Kiswahili "kazi". Sisi tunaosoma Kiswahili kwa mapenzi tunapaswa kukumbuka kwamba kiliingia vinywani mwa babu zetu kwa mlango huo pia.

Pamoja na magari yalikuja majina ya vipuri. Upande wa Waingereza, fundi alisema injini, boneti, plagi na breki. Upande wetu, kwa njia ya Kifaransa, ni moteri, kapo, buji na feri. Kule mwendeshaji ni dereva, huku ni shoferi. Tairi la Dar es Salaam ni ipine ya Mibirizi. Msaidizi wa lori, ambaye Watanzania humwita utingo, kwetu huitwa kigingi. Kwa msemaji wa Kiswahili jina hilo linakumbusha kipande cha mti cha kukaza au kuzuia kitu kisiende.

Tofauti nyingi kati ya hizi hazina madhara. Ukimwambia fundi wa Arusha kwamba buji imekufa, atakushangaa kidogo, utamwonyesha kwa kidole, na kazi itaendelea. Lakini kuna neno moja lisilo na msamaha huo.

Neno petroli

Katika Kiswahili cha Tanzania na Kenya, petroli ni mafuta yanayoendesha magari mengi madogo. Yale ya kuwashia taa huitwa mafuta ya taa. Katika Kinyarwanda, mafuta ya taa ndiyo huitwa peteroli, yanayoendesha gari dogo huitwa lisansi, na dizeli huitwa mazutu. Ng'ambo ya daraja, Mswahili wa Bukavu naye akisema petroli huwa anafikiria taa na stovu, si tangi la gari.

Chanzo cha mkanganyiko huu kiko Ulaya. Katika miaka ya 1890 wafanyabiashara wa Uingereza walianza kuuza mafuta mepesi kwa jina "petrol", na jina hilo likashikamana na mafuta ya magari. Wafaransa na Wabelgiji waliliacha neno "pétrole" kwa mafuta ghafi na mafuta ya taa, na yale mepesi wakayaita "essence". Kinyarwanda kililipokea neno hilo pamoja na kibainishi chake cha Kifaransa, "l'essence", likawa lisansi. Mazutu nayo ni "mazout", neno lenye asili ya Kirusi ambalo Wabelgiji wanalitumia kwa dizeli mpaka leo. Kwa hiyo mtu wa Mibirizi anapotaja mafuta matatu ya gari na taa, anataja pia ni nani aliyetutawala.

Tofauti ya majina ni tofauti ya moto. Petroli ya Tanzania, yaani lisansi yetu, hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, na hauhitaji kumwagiwa kiberiti. Imbabura yenye makaa upande wa pili wa ua inatosha. Mafuta ya taa kwa kawaida huanza kutoa mvuke wa kuwaka katika joto la nyuzi 38 na kuendelea. Si salama juu ya injini ya moto, lakini kwenye injini iliyopoa, katika hewa ya kilima chetu, hayatoi hatari inayolingana na ya lisansi.

Sasa fikiria onyo linalotolewa mara kwa mara na mafundi wa pwani: usisafishe injini kwa petroli. Mwaka jana baba mdogo, ambaye anaendesha gari dogo la kubebea bidhaa za sokoni, alipokea maelekezo ya aina hiyo kwenye simu kutoka kwa mwenzake wa Dar es Salaam. Aliyasoma vizuri, kwa kuwa Kiswahili anakijua. Alielewa kwamba amekatazwa kutumia mafuta ya taa. Akawa anatafuta chupa aende kununua lisansi. Nilimsihi nikisema, "Baba mdogo, petroli ya huyo rafiki yako ndiyo lisansi yetu." Alinyamaza, akasoma tena, akaiweka chupa chini. Onyo lililoandikwa kumlinda lilikuwa linamtuma dukani kununua kile kile kilichokatazwa.

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka 2017 Bunge letu lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Tunafundishwa, kwa haki, kwamba petroli ni mafuta ya gari. Lakini sijaona kitabu cha shule kinachomwambia mtoto wa Rusizi kwamba petroli ya kitabuni na peteroli ya jikoni kwao ni vitu viwili. Naona hapo pana kazi kwa walimu watarajiwa kama sisi.

Wakati wa lori na brashi

Mzee niliyezungumza naye alikuwa kigingi kwenye malori ya dizeli. Kwa maelezo yake, usafi wa injini ulikuwa kazi ya kigingi, na haukuwa urembo. Matope yaliyochanganyika na oili hufunika injini kama blanketi na kuzuia joto lisitoke. Rejeta iliyozibwa na vumbi na wadudu hushindwa kupoza maji. Kwenye miinuko ya Nyungwe, lori lililochemka lingeweza kulala njiani. Oili iliyovuja karibu na bomba la moshi ingeweza kushika moto. Zaidi ya yote, injini chafu huficha mahali inapovuja.

Njia yao ilikuwa kupaka mafuta ya taa kwa brashi, kungoja yalainishe grisi, kukwangua kwa kijiti, kisha kumwaga maji ya sabuni kwa ndoo. Leo tunaweza kuicheka njia hiyo, lakini injini ya wakati huo iliistahimili. Dizeli ya zamani haina plagi za kutoa cheche, na pampu yake ya mafuta iliendeshwa kwa meno ya chuma bila kompyuta yoyote. Katika magari ya lisansi ya zamani, maji yakiingia kwenye kifuniko cha kisambaza umeme, gari lilikataa kuwaka. Shoferi alikifungua, akakipangusa kwa kitambaa, akaondoka. Kosa la maji lilikuwa na dawa ya bei ya kitambaa.

Njia hiyo ilikuwa na gharama ambazo hazikuonekana. Mafuta ya taa hulainisha na kuvimbisha mipira ya asili, kwa hiyo mabomba ya mpira yaliharibika mapema. Na wale waliosafishia vipuri na mikono kwa mafuta ya gari walikuwa wakigusa risasi. Kiungo cha risasi kilichotiwa ndani ya mafuta hayo kilianza kuuzwa Marekani mwaka 1923, na nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kukitumia kufikia mwanzoni mwa 2006. Kiungo hicho hupenya kwenye ngozi. Vizazi kadhaa vya mafundi na vigingi viliishi katikati ya tarehe hizo mbili.

Kompyuta chini ya boneti

Mabadiliko makubwa hayakuanzia kwa waosha magari. Yalianzia kwenye sheria za hewa safi za nchi tajiri. Mwaka 1967 Volkswagen iliuza gari lenye mfumo wa Bosch wa kupuliza mafuta kwa kuongozwa na elektroniki. Mwaka 1976 Volvo iliweka kihisi kinachopima oksijeni kwenye moshi. Kuanzia 1996 Marekani ililazimisha magari mapya madogo yawe na mfumo mmoja wa kompyuta wa kujipima na kuripoti hitilafu, na Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli, yaani lisansi. Magari hayo yalipozeeka huko, mengi yalianza safari ya kuja kwetu.

Hivyo injini iliyoko leo uani Mibirizi ni ya ukoo mwingine. Ina vihisi, nyaya nyembamba na soketi nyingi za plastiki. Tone la maji likibaki ndani ya soketi moja, shaba huanza kuota kutu ya kijani, na taa ya onyo huwaka kwenye dashibodi siku nyingi baada ya kuosha.

Wakati huohuo maji nayo yalipata nguvu. Alfred Kärcher alitengeneza mashine ya kuoshea kwa maji ya moto yenye shinikizo mwaka 1950, na mwaka 1984 kampuni yake ilitoa mashine ndogo ya kubebeka kwa matumizi ya nyumbani. Maji ya bomba la kawaida huwa na shinikizo la baa chache tu. Mashine ndogo ya namna hiyo hufikia baa 100 na zaidi. Kwa maneno mengine, injini ilianza kuogopa maji katika miaka ile ile ambayo maji yalianza kupiga kwa nguvu kuliko wakati wowote. Aliyeosha lori kwa ndoo hakukosea. Anayeelekeza mashine kwenye soketi za gari la leo kwa kuwa malori yalioshwa na hayakufa, anatumia ushahidi wa wakati mwingine.

Najua gari moja hapa kilimani lililooshwa hivyo barabarani. Lilitoka linang'aa, na baada ya siku tatu likaanza kukohoa na kuzima. Mwenyewe analitegemea kulipia karo za watoto. Alikaa bila kazi karibu wiki mbili akitafuta fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta, na mwisho ikaonekana ni soketi moja iliyojaa maji.

Uchafu kama ushahidi

Mwanahistoria hapaswi kusahau kwamba uchafu wa injini ni kumbukumbu. Alama mbichi ya oili chini ya kifuniko cha juu hueleza gasketi iliyochoka. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri hueleza asidi inayotoka. Madoa makavu ya rangi karibu na rejeta hueleza kwamba maji ya kupozea yamekuwa yakivuja. Ndiyo maana gari linaloletwa sokoni likiwa na injini inayong'aa kuliko milango yake linapaswa kuulizwa maswali. Huenda mwenyewe ni nadhifu. Huenda pia amefuta nyaraka.

Kuna usafi wa kuficha na usafi wa kuona. Usafi wa nyumbani, ukifanywa na mtu atakayeendelea kulitumia gari, ni wa kuona. Kabla ya kufuta chochote, inafaa kupiga picha kwa simu, kisha kurudi baada ya wiki na kutazama ni wapi unyevu umerejea. Hivyo ndivyo kigingi alivyofanya bila simu: alisafisha ili kesho yake ajue panapovuja.

Uani kwetu leo

Njia tunayofuata sasa nyumbani imetokana na historia hiyo, na kila hatua yake ina sababu. Gari huegeshwa mahali tambarare, mbali na jiko, na injini huachwa ipoe hadi mkono uweze kukaa juu yake, kwa sababu maji baridi juu ya chuma cha moto yanaweza kukipasua, na sabuni hukauka kabla ya kufanya kazi. Waya hasi wa betri hufunguliwa kwanza. Uchafu mkavu, kama majani na vumbi, huondolewa kwa brashi ya rangi kabla ya kitu chochote kulowa.

Kisha hufunikwa sehemu zinazoogopa maji: alteneta, kisanduku cha fyuzi, kompyuta ya injini, koili na mdomo wa kuingizia hewa. Maelekezo mengi ya nje husema tumia mifuko ya plastiki. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, kwa hiyo sisi hutumia vipande vya koti kuukuu la mvua na mpira wa ndani wa tairi, vikifungwa kwa kamba. Vinafaa, na havitupwi.

Grisi husuguliwa kwa sabuni ya kuondolea mafuta iliyochanganywa na maji, kwa brashi laini, sehemu ndogo ndogo, kisha hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kinachosuuzwa mara kwa mara. Mashine ya shinikizo haina kazi hapa. Vichwa vya betri husuguliwa kwa magadi soda yaliyolowa, ambayo huua asidi, huku vifuniko vya betri vikiwa vimefungwa. Baadaye vyote hukaushwa, vifuniko huondolewa, boneti huachwa wazi juani, ndipo waya wa betri hurudishwa na injini kuwashwa huku tukisikiliza. Dawa za kung'arisha hazipakwi kwenye mikanda, kwa kuwa zitaifanya iteleze.

Linabaki swali la maji machafu. Mibirizi ni kilima, na kila kinachomwagwa uani huteremka bondeni na hatimaye kuelekea mto Rusizi, unaotoka ziwa Kivu na kumwaga katika ziwa Tanganyika. Sheria ya mazingira ya mwaka 2018 inalinda mito na mabwawa dhidi ya uchafu wa namna hii. Hii ni faida nyingine ya kitambaa: oili hubaki kwenye kitambaa na ndani ya ndoo, ambapo tunaweza kuiona na kuitunza pamoja na oili chakavu, badala ya kumpelekea jirani wa bondeni anayechota maji.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kusafisha injini nyumbani ni kazi yenye nyakati zake. Wakati wa Graetz ilifanywa pale gari liliposimama. Wakati wa kigingi, mafuta ya taa na ndoo vilitosha kwa sababu injini ilikuwa chuma na meno. Wakati wetu, vihisi na soketi vinadai brashi laini, kitambaa na subira. Asiyejua gari lake ni la wakati gani atalihudumia kwa sheria za gari la babu yake.

Aidha, nimeonyesha kwamba maneno ya kazi hii si majina matupu. Kiswahili kinapopanuka kuelekea kwetu kama lugha rasmi, kinakuta Kiswahili cha Bukavu na Kinyarwanda vimekwisha kulipa neno petroli maana yake. Sipendekezi kwamba moja ya maana hizo ifutwe. Napendekeza kwamba kamusi na vitabu vya shule viziweke zote mbili, upande kwa upande, zikiwa na maelezo. Wanafunzi wa Kiswahili tunaotoka mpakani tuna nafasi nzuri ya kuifanya kazi hiyo, kwani maana zote mbili tunazisikia kila siku. Kwa sasa baba mdogo ameandika kwa kalamu ya wino kwenye madumu yake mawili: LISANSI – GARI, na PETEROLI – TAA.